Mwenye Dawa na Mwenye Haja

Limeulizwa suala katika darsa: muuguzi au muuza dawa Mwislamu, akijiwa na mwanamke atakaye vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, je, ana haki ya kumnyima kwa kusema kwamba hataki kushiriki katika kuua?

Kwanza na aulizwe yeye anajua nini. Vidonge vinavyotumika sana kwetu ni vya levonojestreli, miligramu 1.5 kwa mara moja. Kazi yake ni kulichelewesha yai lisitoke mahali pake. Na yai lisipotoka, mbegu ya mume haina cha kukutana nacho. Hufaa zaidi kila vikimezwa mapema, khasa katika saa 72 za mwanzo. Mimba iliyokwisha kushika haiharibiwi navyo, na Shirika la Afya Duniani limelieleza hilo wazi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, naye ni wa madhehebu yetu ya Shafii, alikwisha kupambanua katika Ihyaa baina ya azli, yaani kumwaga nje, na kuitoa mimba: kuitoa ni jinaya juu ya kitu kilichokwisha kuwako, na azli siyo. Basi akataaye bila ya kuijua tofauti hii asijihesabu mchamungu. Hajui, na gharama ya kutojua kwake hulipwa na mwingine.

Lakini wako wajuao, na bado hukataa. Husema: tukiwapa, tutafungua mlango wa zinaa. Hapa ndipo penye ugonjwa. Huyo aliyesimama dirishani huenda ni mke wa mtu mwenye mtoto wa miezi mitano. Huenda ni binti aliyenajisiwa jana usiku, ambaye miongozo ya serikali ya Kenya yataka apewe dawa hiyo pamoja na ile ya kukinga virusi vya Ukimwi. Usoni hakuandikwi kitu. Na ajabu ni kwamba mwanamume akija kununua kondomu, haulizwi cheti cha ndoa!

Tuseme basi kwamba kweli amezini. Dhambi imekwisha pita. Kidonge hakiisaidii wala hakiifuti, na toba ni baina yake na Mola wake. Muuza dawa hakuwekwa kadhi. Tena, akimwacha arudi mikono mitupu, na mimba ikashika, na aibu ikamsukuma kwenda kuitoa kwa siri, je, huyo bwana atakuwa amezuia kuua, au amekusogeza karibu?

Ikiwa baada ya haya yote moyo wake bado wakataa, hatumlazimishi. Lakini na aseme kweli, na amwelekeze kwa mwenziwe saa ile ile. Asiloweza kuhalalisha kwa hoja yoyote ni kumwambia, "Dawa imekwisha, rudi kesho," hali kasha liko nyuma yake kabatini.