Kazi Isizikwe na Mwenyewe



Mwaka 1521, katika mji wa Worms, Ujerumani, Martin Luther alisimama mbele ya Kaisari Karl wa Tano akakataa kuyakana aliyoyaandika. Zaidi ya karne tatu baadaye watu waliazimia kuweka hapo ukumbusho mkubwa wa sanamu za shaba. Kazi hiyo alipewa Ernst Rietschel.

Huyu alizaliwa mwaka 1804 katika nyumba ya kimaskini mjini Pulsnitz. Alijifunza sanaa Dresden, kisha Berlin kwa mwalimu wake Christian Daniel Rauch. Tangu mwaka 1832 naye akawa mwalimu huko Dresden. Sanamu yake ya washairi Goethe na Schiller ilisimamishwa Weimar mwaka 1857.

Lakini maradhi ya kifua yalimwandama. Alifariki Februari 1861, na kazi ya Worms ilikuwa bado. Je, iliachwa? La, hasha. Wanafunzi wake Adolf Donndorf, Gustav Kietz na Johannes Schilling waliujua mpango wake, na mikono yao alikuwa ameifundisha mwenyewe. Wakaendelea, na mwaka 1868 ukumbusho ukafunuliwa. Luther amesimama katikati. Chini yake wameketi wanne waliomtangulia: Waldo, Wyclif, Hus na Savonarola. Hao nao walianza kazi ambayo hawakuuona mwisho wake.

Ndugu, na tujiulize. Wako kati yetu tulioshika funguo za kanisa, daftari la sadaka au uongozi wa kwaya kwa miaka mingi, wala hatujamwonyesha kijana hata mmoja jinsi ya kuifanya kazi hiyo. Twasema vijana hawajawa tayari. Ni nani basi aliyepaswa kuwatayarisha? Tukiitwa kesho, kazi itazikwa pamoja nasi, na itajulikana kwamba tulikuwa tukilinda cheo, si kumtumikia Bwana.

Mtakatifu Paulo, katika 1 Wakorintho 3, hakuona haya kukiri kwamba yeye na Apolo ni watumishi tu, kila mtu na sehemu yake, na Mungu ndiye mwenye kukuza. Basi mwezi huu kila mwenye kazi kanisani amwite kijana mmoja, amweke kando yake, amvumilie akikosea, amsahihishe kwa upole.

Rietschel hakuiona siku ile ya mwaka 1868, lakini kazi yake ingali imesimama Worms hata leo. Mungu atujalie moyo wa kukabidhi. Amin.