Mng'aro wa Gari na Ukimya wa Muuzaji

Kijana mmoja katika wanafunzi wa darsa letu hapa Mombasa, ambaye kazi yake ni kung'arisha magari, alitujia baada ya sala ya Alasiri akatuuliza suala. Alisema: "Sheikh, mimi siuzi gari wala sinunui. Naletewa gari, nalipiga polishi na nta mpaka mtu auone uso wake ndani yake, nalipwa ujira wangu naenda zangu. Lakini wiki hii tajiri mmoja ameniletea gari ambalo ubavu wake mzima umekandikwa pati baada ya kugongwa, akaniambia: lifanye hata fundi asitambue, kwani kesho yuaja mnunuzi. Nimelifanya. Je, ujira wangu ni halali?"

Hatukumjibu saa ile. Wanavyuoni wetu wametufunza kuwa mtu hawezi kukihukumu kitu kabla ya kukijua, na sisi kazi ile hatukuijua. Tukamwomba atupeleke anapofanyia kazi, tukaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, naye akatusomesha. Siku ile mwalimu alikuwa yeye.

Tulifahamu kwake kwamba gari la siku hizi, juu ya bati lake, lina tabaka kadhaa: moja ya kushika bati, moja yenye rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi huiita klia. Vanishi hiyo kwa kawaida unene wake ni kama mikroni 40 au 50, na mikroni ni sehemu moja katika sehemu 1000 za milimita. Haifiki, basi, unene wa unywele mmoja wa kichwani. Ndani ya utando mwembamba hivyo ndimo ulimo uzuri wote tunaousifu.

Na sababu ya kung'aa ni hii. Maji ya kisima yakitulia huonyesha uso wa mtu, na yakitibuliwa hayaonyeshi kitu, ijapokuwa maji ni yale yale. Kadhalika vanishi: ikiwa laini hurudisha nuru kwa njia moja, na ikiwa na mikwaruzo huitawanya nuru kila upande, gari likaonekana limefifia. Na mikwaruzo mingi huletwa na yule yule aoshaye: kitambaa chaanguka mchangani, chaokotwa, charudishwa juu ya bati.

Basi mng'arishaji ana mambo matatu mkononi mwake, nayo watu huyaita yote kwa jina moja. La kwanza ni polishi. Ndani yake mna chembe ndogo zikatazo. Hazizibi mkwaruzo, bali hula vanishi iliyo kandokando yake mpaka pote pawe sawa. Mng'aro wa polishi, kwa hivyo, ni mng'aro wa kupunguza, na kilichopunguzwa hakirudi. Kijana alitwambia neno lililotuingia moyoni: "Sheikh, kila gari lina idadi yake ya kung'arishwa, ukizidisha, wafika kwenye rangi."

La pili ni nta. Iliyo mashuhuri katika nta za asili hutoka katika majani ya mti wa jamii ya mitende uotao kaskazini-mashariki ya Brazili; majani hukatwa, hukaushwa, kisha hupigwa mpaka nta itoke. Nta haitengenezi kilichoharibika. Kazi yake ni kulinda, mfano wa mwavuli, na katika mji wetu wenye jua kali na chumvi ya bahari ulinzi huo una maana. Nao hudumu wiki chache au miezi michache tu, kisha mtu hurejea kuitia tena.

La tatu ni mafuta ya kujazia. Haya hukaa ndani ya mikwaruzo, uso ukaonekana mzima. Gari likioshwa mara kadhaa mafuta huondoka, na mikwaruzo yote hurejea mahali pake. Kwa ufupi, polishi huondoa, nta huhifadhi, na mafuta haya huficha.

Wapo ndugu zetu wasemao kuwa mambo haya yote ni israfu na kujiona, na kwamba Muislamu mwenye heshima aliache gari lake na vumbi lake. Sisi hatuwafuati. Dini yetu haikuusifu uchafu, na kuihifadhi mali ni katika mambo tuliyoamrishwa. Dereva wa teksi anayeipaka nta gari yake huilinda riziki ya watoto wake. Walakini twamlaumu mtu ambaye kila Ijumaa hulipangusa gari lake mpaka likameremeta, na breki zake zimekwisha tangu mwezi uliopita, naye hubeba roho za watu.

Sasa turudi kwenye suala. Kijana alijitetea kwa hoja mbili, nazo si hoja za kipumbavu. Ya kwanza ni kuwa mnunuzi ana macho yake, basi na atazame. Ya pili ni kuwa yeye si muuzaji, na akikataa yeye, yuko mwengine barabara ya pili atakayekubali.

Juu ya hoja ya kwanza, twakumbusha waliyoyasoma wengi wetu katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Asili ya mlango ule ni mnyama aliyeachwa bila kukamuliwa siku kadhaa ili kiwele chake kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi; Mtume (S.A.W.) alikataza jambo hilo na akampa mnunuzi hiari ya kumrudisha. Imamu akaunganisha na hayo mtu azuiaye maji ya kinu kisha akayafungulia wakati wa kuuza, na, kwa kuwa zama zile watu waliuzwa, akataja pia mtumwa aliyetiwa weusi nywele zake ili aonekane kijana. Wote hao mnunuzi ana haki ya kuwarudisha. Lakini mtumwa ambaye nguo yake imepakwa wino ili adhaniwe kuwa ni mwandishi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, mnunuzi hana haki ya kumrudisha kwa sababu hiyo.

Kuna tofauti gani baina ya weusi wa nywele na wino wa nguo? Wino juu ya nguo haukuthibitisha kitu. Mnunuzi angeweza kumpa kalamu akamtazama. Amedanganyika kwa uvivu wake. Ama nywele zilizotiwa weusi, kitu chenyewe kimefanywa kijisemee uwongo.

Kwa hivyo twasema: mng'aro mtupu ni kama wino. Mtu anayesema, "Lilikuwa laning'aria, nikadhani injini nzima," na ajilaumu nafsi yake. Na sisi tumo katika watu hao. Tulipotaka gari la kuwachukua watoto wa madrasa tulilizunguka moja mara mbili, tukakiona kilemba chetu ndani ya mlango wake, tukatoa pesa. Hatukuuliza limepata ajali gani, wala hatukuleta fundi. Baada ya mvua za masika mlango ule ule ukatoa malengelenge, na chini yake pati. Muuzaji alitufanyia khiyana; lakini sisi tulinunua kioo, hatukununua gari.

Ama pati iliyofunikwa kwa rangi mpya, kisha ikang'arishwa ilingane na bati zima, kwa kusudi la mnunuzi asijue, hiyo haimo katika mlango wa wino. Ni kiwele kilichofungwa. Wala mtu asidhani kwamba mahali ambapo mnunuzi hana haki ya kurudisha, muuzaji huwa amesalimika. Haki ya kurudisha ni jambo la kadhi. Khiyana ni jambo la Siku ya Kiama, na huko hakuna polishi.

Juu ya hoja ya pili, wanavyuoni wetu wa Kishafi wamezungumza juu ya mtu auzaye zabibu mbichi kwa mtengenezaji wa mvinyo. Akijua kwamba zitakamuliwa mvinyo, ni haramu. Akishuku tu, ni makuruhu. Zabibu zenyewe ni halali, na kuuza ni halali. Kilichobadilisha hukumu ni kujua. Basi na mng'arishaji yuko hivyo. Akiletewa gari asijue lolote, ujira wake ni halali na hapasiwi kupeleleza. Akishuku, kujiepusha ni bora kwake. Akiambiwa kwa ulimi, "Ficha hili asilione mnunuzi," amekuwa mshirika. Na kule kusema kwamba mwengine atafanya hakumpunguzii kitu, kwa sababu mwengine ataulizwa yake, na yeye ataulizwa yake.

Tulimjibu hivyo, tukamwambia: "Mwanangu, ujira ule usiule, na lililo kubwa kuliko ujira ni haki ya mnunuzi. Rudi kwa tajiri, mwambie aseme." Alirudi. Gari lilikuwa bado halijauzwa. Yule tajiri alimcheka, na tangu siku ile magari yake ayapeleka kwa mwengine. Hayo yalikuwa karibu thuluthi ya kazi yote ya kijana, naye ana mama na ndugu wadogo. Twaandika haya wazi, kwa sababu sheikh atoaye hukumu kisha akaenda nyumbani kula, na aliyehukumiwa akalala njaa, hajatimiza wajibu wake.

Kwa hivyo tuna maneno mawili. La kwanza ni kwa ndugu zetu wauzao magari. Magari mengi yaliyotumika Japani hushushwa katika bandari yetu, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8; lakini sheria hiyo hupima umri, haipimi amana. Ng'arisheni magari yenu, hapana ubaya. Kisha andikeni katika karatasi: mlango huu umepakwa rangi, ubavu huu una pati, mumpe mnunuzi aisome kabla hajatoa pesa. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya chakula sokoni, akakuta ndani kumerowa, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakukiweka kilichorowa juu watu wakakiona. Hakumwambia akitupe wala asikiuze.

La pili ni kwetu sisi wanunuzi. Tuchukue sumaku ndogo, ambayo hulegea penye pati nene. Tuchukue fundi, tuulize kwa ulimi, wala tusione haya. Na tulio na magari, tumpelekee kijana wetu kazi. Tukimtaka aache haramu, yatupasa kuijaza mikono yake kwa halali.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.