Jumamosi Tunacheza

Wanangu, jana baada ya mazoezi nahodha wenu alinijia na ombi lenu: tuukatae mchezo wa Jumamosi. Wale wametuzidi, alisema, na tukishindwa rekodi yetu ya msimu itachafuka. Sikumkemea. Nilifungua ukurasa wa mwisho wa daftari la matokeo, nikachukua penseli, nikamwonyesha jinsi Baraza la Kimataifa la Kriketi linavyozipima timu za mataifa. Hesabu ile nataka muione nyote.

Kiwango cha timu hupatikana kwa kugawanya pointi zake kwa idadi ya mechi. Chukueni timu yenye pointi 1,000 kwa mechi 10; kiwango chake ni 100. Sasa inakutana na timu ya kiwango cha 200. Tofauti ikiwa 40 au zaidi, mnyonge akishinda hupewa kiwango chake na 90 juu, yaani 190. Akishindwa hupewa kiwango chake kasoro 10, yaani 90. Jumlisheni, gawanyeni kwa mechi 11. Akishinda anapanda hadi 108. Akishindwa anashuka hadi 99. Nilimwambia nahodha arudie hesabu kwa mkono wake mwenyewe, naye akapata jibu hilohilo: kushindwa kumemgharimu mnyonge pointi moja, kushinda kungempa nane. Yule mkubwa, kwa upande wake, akishinda anaongezewa 10 tu juu ya kiwango chake, na akiteleza anakatwa 90. Mwenye sababu ya kuogopa siku hiyo ni yeye.

Hata tofauti inapokuwa chini ya 40, mshindi hupewa kiwango cha mpinzani wake na 50 juu. Ushindi wako una uzito wa yule uliyemshinda.

Majirani zetu wa Uganda wameyaishi haya. Novemba 2023, mjini Windhoek, waliishinda Zimbabwe, nchi inayocheza mechi za siku tano, kwa wiketi 5, kisha wakafuzu Kombe la Dunia la ova 20. Juni 2024 huko Guyana wakaishinda Papua New Guinea. Siku hiyo Frank Nsubuga, mtu wa miaka 43, alirusha ova 4, akatoa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2. Siku chache baadaye, kwenye uwanja uleule, West Indies wakawatoa wote kwa mikimbio 39. Walishindwa kwa mikimbio 134. Iliniuma kama vile waliotolewa ni ninyi. Lakini jedwali la timu halitazami ukubwa wa kipigo: kushindwa kwa 134 na kushindwa kwa mmoja huandikwa sawa. Tena Uganda hawakufika Guyana kwa kuchagua wapinzani.

Mchezaji mmojammoja naye ana mizani yake, kutoka 0 hadi 1,000. Aliyevuka 500 ni mchezaji mzuri. 900 hufikiwa na wachache mno. Don Bradman wa Australia alifika 961, na katika mechi za siku tano hakuna mpigaji aliyempita. Mizani hiyo huuliza ulipiga mikimbio mbele ya warushaji gani, na siku ambayo wengine walipata mingapi. Mikimbio 40 dhidi ya warushaji wakali, wenzako wote wakitolewa mapema, inaweza kukuinua kuliko 80 ya mteremko. Mafanikio ya zamani hupungua uzito kila unapocheza mechi mpya. Na anayekosa mechi ya siku tano ya timu yake hukatwa asilimia 1 ya pointi zake. Kukaa nje hakukulindi, mwanangu, hata kama mwaka juzi ulitamba.

Udakaji haumo katika mizani ya mpigaji wala ya mrushaji. Hapo mimi siafikiani nayo, maana nimeona mechi nyingi zikigeuzwa na mkono mmoja uliodaka mpira mpakani. Mambo ya namna hiyo nimekuwa nikiyaandika pembeni mwa daftari, na nitaendelea.

Wenyeji wetu nimeshawajibu kwamba tunakuja. Mpira wa kwanza ni saa tatu asubuhi. Fikeni saa moja, na anayeanza kupiga aniletee gongo lake nilitazame, maana juzi niliona mshikio umelegea.