Kubaki Nyumbani na Kuwa Mwaminifu



Hapa Kambu, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, mabasi na malori hupita usiku na mchana. Wanaume wengi wamekwenda miji hiyo kutafuta riziki. Kwa hiyo tukifundisha juu ya uaminifu, swali la kwanza huwa: "Je, atarudi?" Lakini mama mmoja aliwahi kuniuliza lililo gumu zaidi: "Na huyu asiyeondoka kamwe, lakini hasemi nami, ni mwaminifu?"

Kabla ya kumjibu, tumtazame mcheza mpira mmoja. Nadir Haroub, beki kutoka Zanzibar, alipewa na mashabiki jina la Cannavaro, nahodha wa Italia aliyetwaa Kombe la Dunia mwaka 2006. Mwaka huohuo Haroub alijiunga na Yanga ya Dar es Salaam. Mwaka 2009 alikwenda Canada kwa muda kuichezea Vancouver Whitecaps, kisha akarudi Yanga, na hapo akakaa hadi alipostaafu mwaka 2018.

Katikati ya miaka hiyo aliyaona mengi. Tarehe 6 Mei 2012, Simba iliifunga Yanga mabao 5–0. Kwa mtu wa Yanga hiyo ni aibu kubwa. Haroub hakuhama. Msimu uliofuata Yanga ikatwaa ubingwa, naye akiwemo.

Sisemi kwamba mke au mume ni klabu. Mchezaji hutia sahihi mkataba wenye mwisho. Ukiisha, akienda kwingine hana kosa. Sisi tuliahidi mbele ya altare bila kuweka tarehe. Na hapo ndipo penye hatari yetu. Mchezaji anajua kwamba asipocheza vizuri ataachwa, hivyo kila wiki hufanya mazoezi. Sisi, kwa kuwa hatuachani, twaweza kudhani kazi ilikwisha siku ya arusi.

Beki hasifiwi kwa kuvaa jezi. Husifiwi kwa kuona pengo aliloacha mwenzake na kuliziba, bila kumtangazia uwanja mzima kosa lake. Basi, mama, jibu langu ni hili: asiyeondoka amefanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwapo.

Tena, uaminifu hauna maana ya kutoumia. Mwaka 2016, unahodha wa Taifa Stars ulipopewa Mbwana Samatta, Haroub alitangaza kuiacha timu ya taifa. Hata mvumilivu ana mahali pake pa kuumia, na mwenzake apajue. Wala uaminifu si kuvumilia kipigo. Anayepigwa atafute msaada upesi. Anayemwambia "vumilia tu" hakumfundisha Injili.

Mwisho, uaminifu una pande mbili. Haroub alipostaafu, Yanga ilimwandalia mechi ya kumuaga mjini Morogoro, ikampa na kazi ya umeneja wa timu. Je, wewe umewahi kumshukuru mwenzako kwa miaka yote aliyokaa nawe? Au unangoja siku ya mazishi, mbele ya kipaza sauti?

Jioni ya leo, watoto wakisha kulala, ulizaneni kwa upole: "Ni lini niliondoka moyoni, nami bado nimo nyumbani?" Msikilizane bila kukatizana. Kisha mwanze kurudi kutoka hapo.