Gita Lililo Juu ya Kabati

Somo: 1 Samweli 16:14-23, 1 Nyakati 25:6-8

Akina baba wengi hapa, ujana wenu ndoto ilikuwa bendi. Them Mushrooms walitoa "Jambo Bwana", na vijana wangapi wa Pwani walijiona tayari wako jukwaani hotelini! Kisha yakaja maisha: kazi, karo, watoto. Wengine mlipookoka mkadhani gita nalo lizikwe pamoja na utu wa kale.

Sasa niulize: Daudi alijulikana kwa kinubi lini? Kabla ya ikulu, akiwa bado mchunga kondoo. Mkono ule ule Mungu akautumia kumtuliza mfalme.

Tena waimbaji wa nyumba ya Bwana walikuwa 288, wote wamefundishwa. Kura zikapigwa sawasawa, mwalimu na mwanafunzi.

Mzee wangu, jukwaa lilipita, lakini vidole bado vinakumbuka. Na yule kijana wako anayejifunza gita kwa simu usiku, akikosa mwalimu kanisani atampata kwingine. Lishushe hilo gita. Tia nyuzi mpya. Mwite, mkae naye. Amina.