Deni la Mtoto Aliyefungiwa Mlango

Ibara ya 40 ya katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inampa kila mtu haki ya kufunga ndoa na amtakaye, mradi awe wa jinsia nyingine. Ibara hiyohiyo inawataka wazazi walee watoto wao, na watoto wawasaidie wazazi wao. Ibara ya 41, inayofuata papo hapo, inakataza kumtelekeza mtoto na kumtesa, na inataja waziwazi kosa la kumsingizia uchawi. Kijana wa miaka 16 wa Hewa Bora, Lubumbashi, anayetupiwa nguo zake nje kwa sababu imejulikana anampenda mvulana mwenzake, amesimama katikati ya ibara hizo mbili. Ya kwanza inamnyima ndoa na ampendaye. Ya pili inawanyima wazazi wake ruhusa ya kumtupa. Mtaani, ya kwanza ndiyo inayokumbukwa.

Ndani ya nyumba mambo ya ibara hayazungumzwi. Anazungumzwa Mungu.

Wazazi wa Kikristo wanayo amri ya kuwaheshimu baba na mama, na wengi wanaishika kama hati ya deni isiyofutika. Wachache hukumbuka kwamba Paulo, akiwaandikia Waefeso, aliikariri amri hiyo, kisha papo hapo akawageukia akina baba na kuwaonya wasiwachokoze watoto wao. Basi maswali yanabaki mawili. Mtu aliyefukuzwa na waliomzaa anadaiwa nini nao? Na mapenzi yaleyale yaliyomponza yanaweza kuwa dawa ya jeraha lake?

Katanga, eneo la Lubumbashi, iliwahi kulifikiria jambo hili kwa kina kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1945 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, alichapisha mjini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Alidai kwamba kwa Wabantu aliowajua, mtu hasimami peke yake: uzima wake huongezeka au hupungua kulingana na uhusiano wake na wenzake, waliomtangulia na watakaomfuata. Wasomi wa Kiafrika walimpinga kwa mengi, na wengi wao walikuwa na haki. Lakini kila aliyewahi kusikia neno la baba likimkausha mtoto anaelewa alichokuwa akikisema.

Miaka ya 1950, akiwa katika machimbo ya Kolwezi, padri huyo alianzisha kundi la Kikatoliki lililoitwa Jamaa. Wafuasi wake walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière na wake zao, watu walioletwa na kazi kutoka mbali, wazee wao wamebaki vijijini. Mafundisho yalitolewa kwa Kiswahili, na yalijengwa juu ya haja tatu za kila binadamu: uzima, uzazi, mapendo. Mume na mke waliotaka kuingia waliwaendea mume na mke waliotangulia, wakafunuliana mawazo ya moyoni, na wale wa kwanza wakawa baba na mama yao. Mtu mzima, mwenye watoto wake, alizaliwa tena kwa maneno na kwa kupendwa.

Ni kweli kwamba kiini cha Jamaa kilikuwa mume na mke, na itakuwa uongo kumfanya Tempels mtetezi wa wanaume wanaopendana. Lakini mapadri nao waliingia Jamaa, watu wasio na wake wala watoto, na hakuna aliyesema hawana uzazi. Walizaa kiroho. Kama uzazi si tumbo peke yake, na kama mapendo ndiyo yanayompa mtu uzima, basi mwanaume anayerudishiwa uzima na mwanaume mwenzake si mgeni kabisa katika fikra za Katanga. Hoja hii haimalizi ubishi wa kitheolojia. Inamzuia tu mtu kusema kwamba swali lenyewe limeletwa na ndege kutoka Ulaya.

Kanisa Katoliki limekwisha kutoa jibu lake rasmi. Tarehe 18 Desemba 2023 Vatikani iliruhusu mapadri kuwabariki, bila ibada maalumu, watu wa jinsia moja wanaoishi pamoja. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, alitangaza kwamba baraka hizo hazitatolewa katika makanisa ya bara hili. Katekisimu, hata hivyo, namba 2358, inaagiza watu hawa wapokewe kwa heshima na huruma. Maneno hayo yanawahusu pia wazazi.

Gharama ya kunyamaza inaonekana kwa Binyavanga Wainaina. Januari 2014 mwandishi huyo wa Kenya alichapisha insha anayojiweka ndani yake kando ya kitanda cha mama yake hospitalini, akimwambia kwamba yeye anapenda wanaume. Jambo hilo halikutokea hata siku moja. Mama alikufa mwaka 2000, mwana akiwa Afrika Kusini, na siri haijatoka kinywani. Baba naye alikuwa amekwisha kufa insha ilipotoka. Mei 2018 Binyavanga alitangaza kwamba anataka kufunga ndoa na mpenzi wake. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Mei 2019, akafariki. Mpenzi hakuweza kumrudishia dakika ile ya hospitali. Hakuna mpenzi anayeweza, na ni kumwonea kumdai hivyo. Anachoweza ni kuwa mtu wa kwanza anayeisikia habari yote bila kuinuka na kuondoka, na kwa aliyekulia katika nyumba ya kunyamaza, hiyo ni nusu ya tiba.

Nusu nyingine huhitaji mzee. David Kato, mwanaharakati wa haki za mashoga wa Uganda, aliuawa tarehe 26 Januari 2011. Siku ya mazishi yake huko Mukono, mhubiri alishika kipaza sauti akawalaani mashoga mbele ya jeneza, na wanakijiji wakakataa kuzika. Rafiki zake wakabeba maiti wenyewe. Aliyesoma sala ya mwisho kaburini ni Askofu Christopher Senyonjo, Mwanglikana mstaafu, ambaye kanisa lake lilikuwa limemnyang'anya ruhusa ya kuongoza ibada kwa sababu ya kuwapokea watu kama Kato. Siku hiyo alifanya kazi ya baba.

Kuhusu deni, basi: aliyefukuzwa anaweza kumnunulia mama yake dawa, anaweza kwenda kumzika baba yake, bila kulazimika kurudi kulala katika nyumba alimolaaniwa wala kumkana anayeishi naye. Msamaha una nafasi yake, ila haumwondolei mzazi kazi ya kukiri kosa. Na tamko la Januari 2024, pamoja na ukali wake, halimzuii padri yeyote wa Lubumbashi kuwaendea wazazi wa Hewa Bora waliomfukuza mwana wao, akae nao, awakumbushe waraka kwa Waefeso na ibara ya 41, kisha awaulize mtoto wao amelala wapi.