Moshi na Ukungu

Wako kati yetu wanaoidhania mantiki kuwa ni ilimu ya Wayunani peke yao, tena haina kazi ila kuwashinda watu kwa maneno. Dhana hiyo si sahihi. Huko Bara Hindi wanazuoni wa Kihindu wa madhehebu ya Nyaya, na wa Kibuddha kama Dignaga, aliyeishi yapata miaka 1,500 iliyopita, waliishughulikia ilimu hii kwa bidii kubwa. Hao wa Nyaya waliyapambanua mabishano yenyewe: yako ya kutafuta ukweli, yako ya kutafuta ushindi kwa hila, na yako ya kubomoa tu hoja ya mwenzio hali wewe huna rai. (Hayo ya mwisho hatuna haja ya kuyasafiria, barazani yapo.)

Mfano wao mashuhuri ni huu: mlimani pana moto, kwa sababu pana moshi, na kila penye moshi pana moto, kama tuonavyo jikoni.

Sasa msomaji wa Mombasa au Lamu na aende kwa fikira hadi Mogogosiek, katika vilima vya chai vya Bomet. Asubuhi aona cheupe kimetanda juu ya mashamba. Je, ni moshi? Kiwanda cha chai hutoa moshi, kwani boila yake huchomwa kuni, na asemaye kuwa pale pana moto amesema kweli. Lakini nchi ile ni ya baridi na mvua nyingi, na ukungu huifunika mara kwa mara. Aliyeuona ukungu akapiga ukelele wa moto, macho yake hayana kosa. Kosa ni la hukumu yake.

Dignaga aliiwekea alama masharti matatu kabla ya kuitwa dalili. Iwepo kweli katika kile kinachohukumiwa. Iwe imeonekana penginepo pamoja na jambo lile. Tena isipatikane kabisa mahali ambapo jambo lile halipo. Sharti hili la tatu ndilo zito, na ndilo watu wasilolipenda. Mafakihi wetu nao, katika kiyasi, hawakuridhika na kufanana kwa sura, bali waliitafuta sababu ya hukumu. Na Suratul Hujurat, katika aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha khabari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua.

Laiti sharti hilo lingeulizwa Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007! Katika mashamba ya chai ya Kericho, wafanyakazi waliotoka sehemu nyingine walifukuzwa na nyumba zikachomwa. Alama ilikuwa kabila: huyu ni wa kabila lile, basi ni adui. Angetajwa mmoja tu wa kabila hilo asiyekuwa adui, aliyechuma chai bega kwa bega na jirani yake miaka mingi, hoja yote ingeanguka.

Wala sisi wa pwani tusiwanyoshee kidole. Likoni, mwezi wa Agosti 1997, watu wa bara waliuawa na kufukuzwa kwa hoja ile ile. Nasi hulalamika, tena kwa haki, kijana wetu anaposhukiwa ugaidi kwa ndevu na kanzu, mavazi ya maelfu ya watu wasiopata kushika bunduki maishani mwao.